Likizo ya miezi mitatu haitoshi kuanzisha mradi kijijini

Ndugu Mhariri,

Wito wa kuwataka waajiriwa wa makampuni wachukue likizo wakajitolee vijijini umekuwa ukijirudia kwenye kurasa za maoni, na hatuna ugomvi nao. Tatizo ni kwamba unaishia kwenye moyo wa kujitolea, kana kwamba moyo ndio unaokosekana. Sisi tunaowapokea watu hawa na kuwapangia kazi hatujawahi kupungukiwa na wenye moyo. Wanaorudi mikono mitupu hurudi hivyo kwa sababu mbili: walichagua kazi kubwa kuliko muda wao, na waliondoka ofisini kabla ya kukubaliana mambo kwa maandishi.

Tuanze na muda. Peace Corps, shirika la kujitolea la serikali ya Marekani lililoanzishwa mwaka 1961, humpa mtu mafunzo ya takriban miezi mitatu, kisha humtaka atumikie miaka miwili. Maana yake mwajiriwa mwenye likizo ya miezi mitatu angekuwa ndiyo kwanza anamaliza mafunzo wakati ofisi inamwita arudi. Wengine hawana hata hiyo miezi mitatu. Mkataba namba 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1970, unataka likizo ya mwaka yenye malipo isipungue wiki tatu za kazi, na wapo wanaojitolea kwa kutumia wiki hizohizo. Kwa hiyo sisi hugawa hivi: mwenye wiki tatu akague au afundishe jambo moja, mwenye miezi mitatu arekebishe kitu ambacho tayari kipo ila kinasuasua, anayetaka kuanzisha kitu kipya awe na mwaka mzima, kwa sababu ni lazima aione misimu yote, ukiwamo ule ambao watu hawana fedha. Kamati inayochangisha vizuri baada ya mavuno inaweza isipate chochote miezi sita baadaye, na aliyeondoka mapema hatalijua hilo.

Karatasi ya kwanza ni barua ya likizo. Wengi huridhika na barua pepe ya mstari mmoja kutoka kwa bosi inayosema ombi limekubaliwa. Bosi huyo anaweza kuhamishwa kabla hujarudi. Barua yenye maana hutaja tarehe ya kuondoka na ya kurudi kazini, idara na ngazi ya mshahara utakayorudia, kama muda huo unahesabiwa katika utumishi wako, kama siku za likizo ya mwaka zinaendelea kujikusanya, na nani anapeleka michango ya hifadhi ya jamii. Ombi liingie miezi minne hadi sita kabla. Anayekaimu nafasi yako aanze kusaini mwenyewe wiki mbili kabla hujaondoka, ukiwa bado upo jengoni, ili yale unayoyafanya kwa mazoea bila kuyaandika popote yajitokeze. Bila hivyo simu za ofisi zitakufuata hadi kwenye mkutano wa kijiji, na hakuna kinachomshushia hadhi mgeni kama kuinuka katikati ya kikao cha wazee akajibu simu ya kazi.

Bima ya afya huwaumbua wengi. Katika likizo bila malipo hakuna mshahara wa kukatwa, na bima nyingi za kazini hukoma kimyakimya mchango wa mwezi usipoingia. Iulize kampuni ya bima yenyewe, usiishie kwa idara ya rasilimali watu: je, kadi inatumika katika zahanati iliyo karibu na kijiji, na je, wanagharamia kukusafirisha hadi hospitali kubwa? Jibu liwe kwa maandishi.

Kuhusu fedha, jumlisha matumizi yako yasiyoepukika ya mwezi, yaani kodi ya nyumba, ada, wazazi na mikopo, kisha uzidishe kwa idadi ya miezi ya likizo ukiongeza miwili. Miwili hiyo ina sababu. Ofisi nyingi hufunga orodha ya mishahara katikati ya mwezi. Ukirudi baada ya orodha kufungwa, mshahara wako wa kwanza utaingia mwisho wa mwezi unaofuata. Na kama una mkopo unaokatwa kwenye mshahara, benki haijui habari za kujitolea. Inachoona ni kwamba makato yamesimama. Nenda kabla ya kuondoka, uombe ama mkopo upangwe upya, ama uweke fedha za miezi yote katika akaunti itakayokatwa. Riba ya ucheleweshaji huanza kuhesabiwa mwezi wa kwanza tu makato yakikosekana.

Afya haihitaji maneno mengi, ila ratiba yake hailazimishwi. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa. Pepopunda: kama imepita miaka 10 tangu uongezewe chanjo, ongeza. Dawa za kuzuia malaria zina kosa moja linalojirudia: anayetumia doksisaiklini hutakiwa kuendelea nayo kwa wiki nne baada ya kutoka eneo lenye malaria, na watu huiacha siku wanaporudi mjini. Kunywa dawa ni juu ya daktari wako kukuelekeza. Juu yetu ni hili: usipande pikipiki bila kofia ngumu, hata kwa kilomita mbili. Barabara ndiyo hatari tunayoiogopa kuliko nyoka na mbu.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya kukata tiketi, iwepo karatasi moja ya hadidu za rejea iliyosainiwa na wewe, taasisi inayokupokea na kamati ya kijiji. Iseme nani aliomba kazi hii, nani atakuwa mwenza wako wa kila siku, kitakachobaki ukishaondoka ni nini, na gharama ya kukiendesha italipwa na nani. Swali la nani aliomba lina uzito kuliko yote. Kama jibu ni kwamba mhisani alipendekeza, rudi nyuma ukawaulize watumiaji. Kama mwenza wako hajatajwa kwa jina, huna mwenza. Utapewa kijana yeyote atakayekuwa hana kazi siku hiyo, na siku akipata kibarua hutamwona tena.

Mhasibu, ofisa ugavi au msimamizi wa mauzo asipelekwe kubeba matofali. Kijijini wapo mafundi uashi wanaoijua kazi hiyo kuliko yeye, na kila siku anayojenga bure ni siku ya ujira iliyopotea kwa fundi mwenye watoto wa kulisha. Shirika la Uingereza la VSO lilianza mwaka 1958 kwa kupeleka vijana waliotoka tu shuleni, na baadaye likageukia watu wenye taaluma na uzoefu. Aliyezoea kusimamia ghala, kulinganisha taarifa za benki au kuandaa ratiba ya matengenezo ana kitu ambacho vijiji vingi hukitafuta bila kukipata.

Chukua kisima chenye pampu ya mkono. Watu hudhani pampu hufa kwa sababu ni mbovu. Mara nyingi hufa kwa sababu ya mpira mdogo wa pistoni, kile kinachopanda na kushuka ndani ya bomba kikivuta maji, ambao haukubadilishwa kwa wakati, na haukubadilishwa kwa sababu hakukuwa na fedha kwenye sanduku au duka la vipuri liko mbali. Aina ya pampu nayo hubadili hesabu yote. Afridev ilibuniwa ili wanakijiji waitunze wenyewe: bomba lake la plastiki lina upana wa kutosha pistoni kuvutwa juu kwa fito zake bila kung'oa bomba, na kazi hiyo huwezekana kwa watu wachache na spana. India Mark II ya kawaida ina bomba jembamba la chuma. Ili kuufikia mpira huohuo ni lazima bomba zima linyanyuliwe kipande kwa kipande, kwa vifaa maalumu na fundi aliyefunzwa. Mtu aliyetoka ofisini akipanga bajeti ya matengenezo bila kuuliza kisima kina pampu gani, amepanga hewa. Aulize pia kuhusu maji yenyewe. Yakiwa na asidi, bomba la chuma lililopakwa zinki huliwa na kutu, maji hutoka mekundu asubuhi, na hapo kubadili mipira pekee ni kupoteza fedha.

Kuna kipimo ambacho hakihitaji fundi, na mwenza wako anaweza kukifanya kila mwezi. Pampu ikiwa nzima, hesabu mipigo inayojaza ndoo ya lita 20, andika daftarini. Rudia mwezi unaofuata, ndoo ileile, mtu yuleyule, mipigo mirefu kamili. Idadi ikipanda mwezi hadi mwezi, mpira wa pistoni umechakaa. Kisha acha pampu ipumzike nusu saa na uhesabu mipigo hadi maji yatokee mdomoni. Zamani yalitokea kwenye mpigo wa pili na sasa yanahitaji 15? Vali ya chini inavuja, au bomba lina tundu, na maji yanarudi kisimani. Tofauti hiyo inaokoa safari nzima ya fundi, maana anakuja na kipuri kinachohitajika badala ya kuja kuangalia kwanza.

Baada ya hapo ndipo kazi ya mtu wa hesabu inapoanza. Kamati nyingi hupanga mchango kwa kuchukua gharama ya mwaka na kuigawa kwa kaya zote. Tuseme kisima kinahudumia watu 250, yaani kaya 50 za watu watano watano. Kumi kati yake ni za wazee na wagonjwa waliosamehewa, au za wasiolipa tu. Mchango uliogawanywa kwa 50 utaacha pengo la sehemu moja kwa tano kila mwaka, hata kama wengine wote wanalipa kwa uaminifu. Gawanya kwa 40. Na gharama ya mwaka isihesabu mipira na bushi (vipande vidogo vinavyobeba mhimili wa mpini) peke yake. Iwemo nauli na posho ya fundi, na akiba ya kitu kikubwa kama bomba au kichwa cha pampu, ambacho huharibika mara moja kwa miaka kadhaa na ndicho hukikuta kisanduku kitupu. Viwango vya Sphere vinavyotumika katika misaada ya dharura huruhusu hadi watu 500 kwa pampu moja ya mkono. Hicho ni kiwango cha juu cha dharura, si cha kupangia kijiji kilichotulia. Watu wakiongezeka kiasi hicho, vipuri huchakaa haraka na bajeti ya mwaka huisha kabla ya mwaka.

Daftari lenyewe liwe la karatasi, lenye safu za tarehe, maelezo, fedha zilizoingia, zilizotoka na salio. Kila mwisho wa mwezi watu wawili wahesabu fedha za sandukuni na kulinganisha na salio lililoandikwa, kisha wasaini hata kama kuna tofauti. Hasa kama kuna tofauti. Waajiriwa wengi hukimbilia kompyuta mpakato na majedwali yenye rangi. Majedwali hayo hufunguliwa kwa mara ya mwisho siku mwenyewe anapopanda basi. Mtunza hazina aliyezoea kalamu na rula ataendelea na daftari kwa miaka. Kwenye kompyuta atamtegemea mpwa wake anayesoma mjini, na siku mpwa asipokuja hesabu husimama.

Eneo jingine linalowavutia watu wa benki ni vikundi vya kuweka na kukopa. Mtindo unaojulikana sana ulianza Niger mwaka 1991 kupitia shirika la CARE: watu 15 hadi 25, sanduku lenye kufuli tatu, wenye funguo watatu tofauti, mzunguko wa miezi 9 hadi 12, kisha fedha zote hugawanywa. Mwanachama hununua hisa moja hadi tano kila kikao, na kwa kawaida haruhusiwi kukopa zaidi ya mara tatu ya akiba yake. Kwa kuwa mzunguko mmoja tu unakaribia mwaka, mwenye likizo ya miezi mitatu asianzishe kikundi. Atakiacha katikati ya mikopo ya kwanza, pale hasa ugomvi unapoanza. Akae na kikundi kinachokaribia kugawana, akisaidie kufunga hesabu.

Kufunga hesabu ndiko kunakovunja vikundi. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuhesabu mikopo ambayo haijarejeshwa kana kwamba ni fedha taslimu. Kitabu kinasema kuna thamani ya hisa 1,440, wanachama wana hisa 1,200, kwa hiyo kila hisa inastahili faida ya sehemu moja kwa tano. Sanduku likifunguliwa, fedha zilizomo ni za hisa 1,300 tu. Zilizobaki ziko kwa watu. Wa kwanza kwenye foleni hulipwa kamili, wa mwisho huambiwa asubiri, na mwaka unaofuata harudi. Dawa yake ni kusimamisha mikopo mipya wiki kadhaa kabla ya siku ya kugawana, kukata deni la kila mtu kwenye hisa zake kwanza, na kugawanya kile tu kilichohesabiwa mezani mbele ya wote. Mfuko wa jamii, ule wa misiba na magonjwa, usichanganywe humo. Na wewe mgeni usishike ufunguo hata mmoja, usiandike kitabu kwa mkono wako, na usiongeze fedha zako kwenye sanduku hata zikipungua kidogo. Kikundi kikishajua kuwa kuna mtu wa nje anayeziba pengo, nidhamu ya kuweka akiba hupotea.

Tarehe za kwenda huchaguliwa vibaya kuliko kitu chochote. Ofisi humruhusu mtu wakati kazi zake ni chache, na wakati huo unaweza kuangukia msimu wa kupanda au wa kuvuna, ambapo hakuna mtu atakayeacha shamba akae kikaoni. Uliza kalenda ya kilimo ya mahali unapokwenda kabla ya kujaza fomu ya likizo. Saa za vikao nazo zina mambo yake. Kikao cha kamati ya maji kikiwekwa asubuhi, wanawake ambao ndio wachotaji wako kisimani kwenye foleni, na mchango wa maji utapangwa na wanaume wasiojua foleni ina urefu gani. Kiweke mchana, au kiweke palepale kisimani.

Robo ya mwisho ya muda wako ni ya makabidhiano. Katika wiki mbili za mwisho mwenza wako afanye kila kitu, nawe ukae pembeni na mikono mfukoni, ukimwacha akosee mbele yako angali ana wa kumuuliza. Acha nakala mbili za maelekezo ya ukurasa mmoja, moja kwa mwenza na moja kwa mwenyekiti, zenye majina ya vipuri kama yanavyotamkwa dukani, mahali pa kuvinunua na fundi wa kumwita. Usiache ahadi. Sentensi nyepesi ya siku ya kuagana, kwamba utajaribu kuwatafutia wafadhili, husikika kama mkataba, na kamati huacha kuchangisha ikisubiri.

Kwa waajiri tuna ombi moja. Badala ya kumpa mtu miezi mitatu mfululizo, igawanyeni: wiki nane au tisa kwanza, kisha arudi ofisini, halafu wiki tatu nyingine baada ya miezi sita. Katika safari ya pili ndipo huonekana kama daftari limeandikwa kila mwezi, kama mipigo ya pampu ilihesabiwa, na kama mpira ulinunuliwa kwa fedha za kamati au bado wanangoja mtu. Makosa ya safari ya kwanza husahihishwa na mtu yuleyule aliyeyafanya, na ofisi haikai na kiti kitupu kwa robo nzima ya mwaka. Ila tarehe za safari hiyo ya pili ziandikwe kwenye barua ileile ya kwanza na zisainiwe siku moja nayo, kwa kuwa mtu akisharudi na kukuta mafaili mezani, hakuna meneja atakayemruhusu kwa mdomo tu.

Waratibu wa miradi ya maendeleo vijijini